Lori Linalolala Nje Minnesota: Kazi ya Jioni Ili Liwake Asubuhi

Dereva aliyezoea njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma anaijua baridi ya Makambako: ile ya mwezi wa sita na wa saba, unashuka garini na koti la mtumba, chai ya rangi mkononi, na gari linawaka kwa stata moja. Baridi hiyo isikudanganye. Ukihamia Minnesota, North Dakota au Manitoba ng'ambo ya mpaka wa Kanada, utakutana na baridi inayogandisha mafuta ndani ya tangi, inayopasua betri, na inayogandamanisha breki na ngoma zake kana kwamba zimechomelewa. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. (Natumia Selsiasi humu. Redio za Marekani zitakutajia Farenheiti, na mahali pekee ambapo vipimo hivyo viwili vinakubaliana ni -40, ambako nakuombea usifike na tela la watu.)

Mwongozo huu ni wa mwenye lori la dizeli, hasa kichwa cha semi, linalolala uani bila paa. Wengi wetu tuliopata CDL huku, yaani leseni ya malori makubwa, hatuna gereji yenye joto. Gari linalala kwenye theluji nyuma ya ghala, na saa kumi na moja alfajiri unatakiwa uwe barabarani. Nimejifunza kwa gharama kwamba ukisubiri asubuhi ndiyo uanze kulihangaikia, umeshachelewa. Kazi kubwa hufanyika Oktoba, kazi ndogo hufanyika jioni, na asubuhi inabaki kugeuza ufunguo.

Oktoba, kabla vidole havijafa ganzi

Anza na betri. Malori ya huku yana mfumo wa volti 12, si 24 kama Scania na Fuso za nyumbani. Ukifungua kasha utakuta betri nne zimeungwa sambamba: chanya zote pamoja, hasi zote pamoja. Mtu aliyezoea kuunga betri mbili kwa mfululizo ili apate 24, akijisahau hapa ataunguza kila chenye kompyuta, na lori la siku hizi lina kompyuta hadi kwenye taa.

Ubaya wa betri nne sambamba ni kwamba moja ikifa inazinyonya tatu zilizobaki usiku kucha, na wewe utadhani zote mbovu. Kwa hiyo zitenganishe, ziache zipumzike saa kadhaa, kisha pima kila moja kwa mita. 12.6 imejaa, 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo tu. Volti peke yake haitoshi. Betri inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imekaa kimya, halafu ukiipa kazi ikaanguka. Zipeleke duka la vipuri wazipime kwa mzigo. Maduka mengi hupima bure, wakitumaini utatoka na mpya.

Namba ya kutazama kwenye kibandiko ni CCA, yaani ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye nyuzi -18. Kwenye baridi hiyo hata betri nzima hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na ni wakati huohuo injini yenye oili nzito inadai nguvu nyingi kuliko ilivyodai kiangazi. Betri iliyochoka, ambayo Agosti ilikuwashia gari bila kelele, Januari itatoa mlio wa tik-tik na basi. Tena betri isiyo na chaji huganda: iliyojaa haisumbuliwi hata na -40, lakini iliyoisha inaweza kuganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka ubavu. Safisha vichwa vyake kwa maji yenye bekingi soda na brashi ya waya, kaza vizuri, paka grisi. Kama mbili zimechoka, badilisha zote nne. Bei naijua. Niliwahi kuchanganya kuukuu na mpya ili kuokoa hela, na zile mpya zikafa mwaka uleule.

Baada ya betri, rejeta. Hapa tabia ya nyumbani inaweza kukuulia injini. Kwetu maji yakipungua unachota kwenye dumu la lita tano, hata ya mtoni, safari inaendelea. Fanya hivyo Minnesota mwezi Septemba, na Desemba maji hayo yatapanuka ndani ya bloku ya injini na kuipasua. Kinachotakiwa ni kulanti: nusu glaikoli, nusu maji yasiyo na madini, yale tunayoyaita maji ya betri. Mchanganyiko huo unahimili hadi karibu -37. Ukiweka glaikoli asilimia 60 unafika karibu -52. Ila usidhani ukizidisha zaidi utazidi kuwa salama, kwa sababu glaikoli tupu bila maji huganda kwenye nyuzi -13 hivi. Nunua kile kipimo kidogo cha kutazamia kwa jicho moja kama darubini; unadondosha tone, unaelekeza kwenye mwanga, mstari unakuonyesha kulanti yako itaganda kwenye nyuzi ngapi. Rangi usiiamini. Kijani ya kampuni moja si kijani ya nyingine, na aina mbili zisizopatana zikikutana zinaweza kufanya uji ndani ya rejeta. Soma kitabu cha injini ujue inataka ipi.

Oili sina mengi ya kusema. 15W-40, inayojaza injini kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, ikipita -20 huwa nzito kama asali ya kwenye mzinga. Namba iliyo mbele ya W ndiyo ya baridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka mapema. Hamia 5W-40 ya sintetiki, au 0W-40 kama unakaa kaskazini ya mbali, mradi iwe imeruhusiwa na mtengenezaji wa injini yako.

Mfumo wa upepo nao usiusahau. Kompresa inavuta hewa, hewa ina unyevu, unyevu unajikusanya kwenye matangi, na ukiganda ndani ya vali au bomba, breki hazitafunguka au, vibaya zaidi, hazitashika. Badilisha kartriji ya kikausha upepo kabla ya theluji kama muda wake umekaribia. Kuna madereva watakaokushauri umimine spiriti kwenye mabomba ya upepo. Mimi sifanyi, kwa kuwa inakausha mipira ya vali, na vali ya breki si mahali pa kujaribia bahati.

Mengine ni ya dakika tano tano: paka silikoni kwenye mipira ya milango isije ikagandia mlango na kung'oka, jaza maji ya kioo yale yaliyoandikwa -40, weka filta mbili za dizeli za akiba pamoja na spana ya kuzifungulia.

Waya unaochungulia kwenye grili

Mara ya kwanza nilipoona magari ya Winnipeg yananing'iniza plagi puani, nilidhani mji mzima umehamia magari ya umeme. Kumbe ni hita ya bloku. Ni koili kama ile ya birika la umeme, imefungwa ndani ya injini, inapasha kulanti moto ili bloku isilale baridi. Ya lori kubwa huwa ya wati 1,000 hadi 1,500, kwa umeme wa volti 120. Kama lori lako halina, tafuta fundi aifunge kabla ya Novemba, maana baada ya hapo kila mtu anamtafuta fundi huyohuyo.

Kama ipo, usiamini kwamba inafanya kazi eti kwa kuwa waya upo. Chomeka, sogeza sikio karibu na bloku, subiri dakika chache. Utasikia mchirizo mdogo wa birika linaloanza kupata moto. Ukitaka uhakika, chomoa kabisa, chukua mita, weka kwenye ohm, pima kati ya zile pini mbili bapa za plagi. Hita ya wati 1,500 itasoma karibu 9.6, ya wati 1,000 karibu 14.4. Mita isipoonyesha kitu, koili imekatika au waya umeliwa na chumvi ya barabarani. Pima pia kati ya pini bapa na ile ya duara ya arthi. Hapo hapatakiwi kupita kitu.

Halafu kuna suala la ekstensheni, ambalo limechoma magari ya watu. Wati 1,500 kwa volti 120 ni ampea 12.5. Ile ekstensheni nyembamba ya sebuleni ya kuwashia taa ya Krismasi haibebi mzigo huo. Inapata moto, inalainika, na iko chini ya theluji ambako huioni. Nunua ya nje, geji 12 (geji ikipungua namba, waya unanenepa), isizidi futi 50. Baada ya nusu saa gusa plagi zote mbili. Vuguvugu si tatizo. Ikiwa ya moto, badilisha usiku huohuo. Na soketi moja iwe ya lori moja: mkichomeka malori mawili kwenye saketi ya ampea 15, swichi inaanguka saa sita usiku, asubuhi mnabaki kutazamana.

Hita haihitaji usiku kucha kwa baridi ya kawaida. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, na saa ya kujiwasha na kujizima yenyewe ya kuchomeka ukutani inalipa gharama yake kwa bili ya mwezi mmoja. Ikishuka chini ya -25 mimi naiacha tangu jioni. Maegesho mengine ya Kanada hukata na kurudisha umeme kwa zamu ili kubana matumizi. Ukiona taa ya soketi inazima na kuwaka usidhani imeharibika.

Dizeli huganda kama mafuta ya nazi

Aliyeishi Dar anajua chupa ya mafuta ya nazi inavyokuwa asubuhi ya Julai. Jana yalikuwa maji, leo yamekuwa meupe, unachokonoa kwa kijiti. Dizeli ni hivyohivyo, tofauti ni nyuzi tu. Ndani yake mna nta. Ikipoa, nta inajitenga kwa chembe ndogo na mafuta yanakuwa na ukungu. Chembe hizo hazizibi tangi wala bomba. Zinaziba filta, kwa sababu vitundu vya filta ndivyo vidogo kuliko njia nyingine zote. Ndiyo maana lori linaweza kuwaka vizuri, likaunguruma dakika tano ukaenda kufuta kioo kwa furaha, kisha likazimika. Limekunywa kilichokuwemo kwenye filta, kingine hakikupita.

Huku wanauza dizeli namba mbili na namba moja. Namba mbili ndiyo ya kila siku. Ina nguvu, lakini inaweza kuanza ukungu hata kabla ya -10. Namba moja ni nyepesi, jirani wa mafuta ya taa, inavumilia hadi karibu -40, ila ni ghali na haina nguvu sana, utaona gari linakula zaidi. Basi majira ya baridi vituo vya kaskazini huchanganya hizo mbili. Kwa Mtanzania jambo hili linachekesha. Nyumbani ukitia mafuta ya taa kwenye dizeli umechakachua, na vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta vitakuumbua. Huku wanakuchanganyia wenyewe na kukuandikia kwenye pampu.

Mtego uko kwenye mafuta ya kusini. Msimu wangu wa kwanza nilijaza matangi yote mawili Tulsa, Oklahoma, nikajisifu kwa bei. Nikapanda na barabara ya I-29, nikalala Fargo kwenye uwanja wazi. Alfajiri ilikuwa -29. Gari likawaka. Nikamshukuru Mungu mapema mno, maana halikumaliza dakika sita. Nilipofungua filta, ndani mlikuwa na kitu cheupe-njano kama samli ya kopo. Jirani yangu wa kuegesha, mtu wa Lubumbashi, akaja na tochi, akaichungulia ile filta, akauliza, "Ndugu, hii mafuta uliuza wapi?" Kwa Kiswahili cha kwao kuuza ni kununua, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba hanishutumu kwa wizi. Nilipomjibu Oklahoma, alitikisa kichwa akaenda kuleta chupa nyekundu.

Kwa hiyo ukitoka kusini nunua ya kukufikisha tu. Ingia eneo la baridi tangi likiwa karibu robo, halafu jaza hapo palipo na mchanganyiko, na muulize wa dirishani wamechanganya kiasi gani. Wenyeji wa Minnesota nao wana mtego wao: sheria ya jimbo inataka dizeli ya Aprili hadi Septemba iwe na asilimia 20 ya dizeli ya mimea, na miezi mingine asilimia 5. Ile ya mimea huganda mapema. Lori ulilojaza Septemba ukaliegesha ukaenda kusalimia nyumbani, ukirudi Desemba lina mafuta ya kiangazi. Yatumie yaishe kabla ya baridi, usiyaachie yalale.

Juu ya hayo, weka dawa ya kuzuia kuganda. Yenye jina sana ni ya Power Service: chupa nyeupe ni ya kuweka kabla, chupa nyekundu iitwayo 911 ni ya uokoaji baada ya kuganda. Nyeupe haiyeyushi kilichokwisha ganda, hata ukiimwaga yote. Mimina kwanza kwenye tangi kwa kipimo cha lebo, kisha jaza dizeli juu yake ili ichanganyike, na fanya hivyo mafuta yakiwa bado na joto. Lori likiwa na matangi mawili, gawa kila tangi haki yake.

Tangi lililojaa pia halitoi jasho. Lililo nusu lina hewa, hewa ina unyevu, unyevu unateremka chini na kuwa barafu kwenye bomba la kuvutia mafuta. Fungua kikombe cha kutenganishia maji, umwage mpaka itoke dizeli safi, ukifanya hivyo jioni injini ikiwa moto.

Na DEF, ile dawa ya kusafisha moshi ambayo nyumbani wengi wanaiita AdBlue? Hiyo huganda kwenye -11 na hakuna dawa yake, usitie kitu chochote ndani. Lori lina hita yake ya kuiyeyusha na litawaka hata ikiwa barafu. Usilijaze tangi lake hadi mdomoni tu, maana ikiganda inatanuka.

Jioni ya kulaza gari

1. Kilomita ya mwisho kabla ya uwanja, kanyaga breki kidogo kidogo huku ukienda taratibu. Unazikausha. Ukiegesha zikiwa na theluji iliyoyeyuka, kiatu na ngoma vitagandamana kabla hujamaliza kula.

2. Chagua pa kulala. Upepo upige mgongo wa tela, usipige grili. Magurudumu yakae kwenye changarawe au mbao, si kwenye dimbwi la tope la theluji, ambalo usiku litageuka sementi. Acha nafasi upande wa betri ili gari la kukusaidia lifike.

3. Vuta kamba za matangi ya upepo moja baada ya nyingine, maji yatoke yote. Yakitoka na ute wa rangi ya maziwa, kompresa inapitisha oili, panga fundi. Kichwa na tela vyote vina matangi, na la tela ndilo linalosahaulika.

4. Acha injini iungurume dakika tatu nne turbo ipoe, zima, kisha zima kila kinachonyonya betri: friji, inveta, chaja. Kama kuna swichi ya kukata betri, ikate baada ya taa ya DEF kukuruhusu, kwa sababu mfumo huo hujisafisha mabomba kwa dakika chache baada ya kuzima.

5. Funika grili kwa turubai lake, inua waipa, chomeka hita.

Wapo wanaouliza kwa nini wasiache tu injini iungurume usiku kucha. Inakula karibu lita tatu kwa saa, ikiwa taratibu mno haipati joto la kutosha, masizi yanajaa kwenye chujio la moshi, na miji mingi ina sheria dhidi yake. Lakini nisiwe mnafiki: ikiwa ni chini ya -30, hakuna soketi, na nimelala ndani ya gari, naiacha iungurume kwa mzunguko wa 1,000 hivi, na sijutii. Kama unalala ndani, funga hita ndogo ya dizeli ya kitandani, Webasto au Espar. Jiko la mkaa au la gesi usiliingize kwenye kabini hata kwa dakika kumi za kupasha ugali. Moshi usioonekana umeua watu wakiwa usingizini, na kabini ya lori ni ndogo kuliko chumba chochote ulichowahi kulala.

Asubuhi

Vaa glavu kabla hujashika chuma. Dizeli ikikumwagikia kiganjani kwenye -30 inakuunguza kwa baridi papo hapo, basi kuwa na glavu za mpira chini ya zile nene.

Geuza ufunguo hatua ya kwanza, subiri taa ya kusubiri izimike. Usiwe na haraka nayo. Hapo ndipo hewa ya kuingia inapopashwa. Kanyaga klachi kama ipo. Piga stata sekunde 15, isizidi 30. Isiposhika, pumzika dakika mbili kamili, stata ipoe na betri zijikusanye. Ikishika, macho kwenye geji ya oili. Sekunde kumi na tano zikipita bila mgandamizo, zima. Usipige resi. Iache dakika tatu hadi tano, kisha ipandishe hadi 1,000 hivi upepo ujae. Injini ya dizeli haipati joto kwa kusimama, itapata njiani ukienda nayo pole pole.

Upepo ukishajaa, fungua breki, sogea hatua mbili mbele, mbili nyuma. Hapa tazama kwenye kioo kama magurudumu ya tela yanazunguka. Barabarani kwenye lami kavu gurudumu lililoganda linalia, utalisikia. Juu ya barafu linateleza kimya kabisa, na mara lami ikijitokeza utakuwa umechonga tairi mpya bapa upande mmoja. Lisilozunguka, shuka na nyundo, ligonge ngoma kwa pembeni mpaka usikie mlio unabadilika. Hakikisha kwanza umeweka kabari chini ya magurudumu mengine. Angalia na tairi zenyewe: kila joto likishuka nyuzi tano na nusu upepo unapungua karibu asilimia 2, kwa hiyo tairi ya psi 100 ya vuli imepoteza mengi bila kutoboka.

Likigoma

Kama stata inazunguka kivivu au inatoa tik-tik, tatizo ni umeme. Kabla ya kuunga waya za kuazima, tazama betri. Zikiwa zimevimba au maji ya ndani yameganda, usiunge kitu, zinaweza kulipuka usoni pako. Zitoe zikayeyuke mahali pa joto. Na hakikisha anayekusaidia naye ni wa volti 12.

Kama stata inazunguka vizuri lakini halishiki, au lilishika likafa, ni mafuta. Badilisha filta, weka chupa nyekundu kwenye tangi na kwenye filta kwa kipimo cha lebo, pampu kwa mkono mpaka ikaze, chomeka hita, kaa ndani ya mgahawa saa moja, kisha jaribu. Kuna injini ambazo mtengenezaji hataki ujaze filta kabla ya kuifunga. Kwa hizo, pampu peke yake.

Etha ya kopo, ile ya kupuliza kwenye kisafishia hewa, iache dukani. Injini nyingi za siku hizi zina gridi ya moto kwenye njia ya hewa, na etha ikikutana nayo inalipuka ndani ya bomba. Na kama kuna mtu atakuja na tairi la kuchoma au tochi ya gesi ili alipashe tangi moto kwa chini, mwambie asante, kisha mwondoe.

Kabla hujang'oa, chomoa waya wa hita. Najua unajua. Mimi nilijua pia, na asubuhi moja ya Februari niliondoka uwanjani na ekstensheni ya futi 50 ikiniburuzikia nyuma, pamoja na kipande cha kisanduku cha soketi cha mwenye uwanja. Tangu siku hiyo nikichomeka jioni nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na sikifungui mpaka plagi iwe mkononi.